Kupaua Bila Kuezeka: Historia ya Msamiati wa Ujenzi wa Miti katika Kiswahili

Utangulizi

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mwenye nyumba anayetaka mahali pa kupumzikia uani humwita seremala na kumweleza anachokitaka: nguzo nne au sita zisimamishwe, miti ilazwe juu yake, na juu ya miti hiyo zipangwe mbao nyembamba zenye nafasi baina yake, pasiwe na bati, makuti wala vigae. Mwangaza upenye, upepo upite, na ikiwezekana mmea utambae juu. Maelezo hayo yakikamilika, hubaki swali la jina. Mwenye nyumba husema pagola. Jirani yake husema gazebo, ingawa gazebo ni kitu kingine chenye paa kamili. Seremala, akirudi kwa wenzake, husema anakwenda kujenga banda. Na mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa, aghalabu hujibu kwamba Kiswahili hakina neno la kitu hicho kwa kuwa kitu chenyewe ni cha kigeni.

Mhadhara huu unalichunguza jibu hilo. Ni kweli kwamba pagola kama pambo la bustani limetoka nje. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakina lugha ya kulijengea. Hakuna sehemu ya kiunzi hicho, tangu nguzo iliyomo ardhini hadi ufito ulio juu kabisa, ambayo haikuwa na jina pwani ya Afrika Mashariki kabla ya neno pagola kufika. Hoja kuu ni kwamba lugha ya ujenzi wa miti katika Kiswahili imejengeka juu ya kazi zaidi ya kujengeka juu ya vitu. Anayetafuta nomino moja tu hataiona, ilhali anayesikiliza vitenzi ataikuta imekamilika. Hoja hiyo ina uzito leo kwa sababu msamiati huo umo hatarini, na chanzo cha hatari si wingi wa maneno ya kigeni peke yake. Ni kwamba wanaounda istilahi na wanaosimamisha nguzo hawakutani mara nyingi.

Neno pagola na ndugu zake

Neno pergola ni la Kiitaliano, nalo limetokana na Kilatini pergula. Katika Kilatini neno hilo lilitaja kwanza sehemu ya jengo inayotokeza nje ya ukuta: upenu, kibanda cha mbele ya duka, au karakana ndogo. Baadaye likataja pia kiunzi cha kutambazia mizabibu. Kwa hiyo, hata huko lilikotoka, pagola halikuzaliwa kama pambo. Lilikuwa upenu, mahali pa biashara na shamba dogo la zabibu kwa wakati mmoja.

Kiarabu nacho kina mzizi unaolingana kwa maana. Mzizi wa herufi ain, ra na shin umezaa arish, yaani kibanda cha miti na makuti ya mtende kilichokuwa makazi ya watu wengi katika Ghuba, na umezaa pia neno la bustani zilizotambazwa juu ya viunzi, linalopatikana katika aya ya 141 ya Sura Al-An'am. Kutokana na mzizi huohuo limepatikana neno arsh, yaani kiti cha enzi. Kiswahili kimechukua neno la mwisho na kulifanya Arshi, likiwa na maana ya enzi ya Mwenyezi Mungu. Maana ya kiunzi cha mizabibu hakikuichukua. Hali hii inaeleweka: kwa jambo la imani palihitajika neno jipya, lakini kwa kiunzi cha fito neno lilikuwapo tayari, nalo ni chanja. Juu ya chanja samaki walikaushwa, vyombo viliwekwa na mimea ilitambaa. Lugha haikopi neno kwa sababu tu imekutana nalo. Hukopa pale inapoona pengo.

Miti kabla ya mawe

Historia ya usanifu wa pwani imezoeleka kusimuliwa kwa mawe: magofu ya Kilwa, Gedi na Songo Mnara, misikiti ya matumbawe, nyumba za Lamu zenye vidaka vya chokaa. Mawe hudumu, nayo miti huoza, hivyo mwanahistoria huona zaidi kile kilichodumu. Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulirekebisha picha hiyo. Chini ya msikiti wa mawe yalipatikana mabaki ya misikiti ya awali iliyojengwa kwa miti, ya zamani kabisa ikiwa ya karne ya 8. Ushahidi wenyewe ulikuwa mashimo ya nguzo: alama nyeusi za duara ardhini, mahali ambapo mti ulisimama na kuoza. Msikiti wa mawe ulifuata mahali palepale palipokuwa na msikiti wa miti.

Ibn Battuta, aliyezuru pwani hii mwaka 1331, anatoa ushahidi unaolingana na huo. Anausifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake na kueleza kwamba umejengwa kwa miti. Na kuhusu Mombasa anataja misikiti ya miti iliyojengwa kwa ustadi. Wataalamu wamejadili namna ya kulinganisha maneno yake na majengo ya mawe yaliyokuwapo Kilwa wakati huo. Kwa mwanaisimu jambo lililo muhimu ni kwamba msafiri aliyeona miji mingi aliona ujenzi wa miti kuwa fani ya kusifiwa, na hakuutaja kama dalili ya ufukara.

Fani haikosi lugha yake. Waliosimamisha nguzo za Shanga walihitaji kuitana, kuagizana na kufundishana. Maneno waliyoyatumia hatuna namna ya kuyasikia, lakini sehemu kubwa ya msamiati wa msingi wa ujenzi wa miti katika Kiswahili cha leo ni wa Kibantu: nguzo, ufito, paa, ukuta, mlango, kujenga, kuezeka. Maneno hayo ni sakafu ya kale ya lugha, na juu yake ndipo yalipowekwa maneno ya mikopo.

Kutoka ufito hadi nguzo

Miti iliyojengea pwani kwa karne nyingi ilitoka katika misitu ya mikoko. Neno mikoko kwa jumla hutumika kwa aina zote, lakini mkata miti haridhiki na jumla hiyo. Yeye hutofautisha mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi au muia, mchu, na mkomafi. Mkoko na mkandaa vilipendwa kwa ujenzi kwa sababu hutoa miti iliyonyooka, mizito na isiyoshambuliwa upesi na mchwa. Ganda la mkandaa lilitumika pia kutia ngozi rangi na kuihifadhi.

Mti ukishakatwa, jina lake la mmea huacha kuwa muhimu na jina la kipimo huchukua nafasi. Mwembamba kabisa ni ufito, unaofaa kufungia kuta za udongo na kuegemeza makuti. Unaofuata ni upau, ambao kwa wingi ni pau, wa kupaulia. Kisha huja boriti, ya kubebea dari. Juu yake ni nguzo, na juu zaidi ni banaa. Miti hiyo iliuzwa kwa korija, yaani mafungu ya 20. Korija ni neno la biashara ya Bahari ya Hindi. Linapatikana pia katika Kireno kama corja, na chanzo chake hunasibishwa na lugha za Bara Hindi.

Mpangilio huu una fundisho kwa mwanafunzi wa semantiki. Majina haya hayataji umbo tu, wala hayataji aina ya mti. Yanataja kazi ambayo mti wa unene fulani unaweza kuifanya. Anayesema boriti amekwisha kusema kwamba mti huo utalala mlalo na kubeba uzito. Anayesema nguzo amesema utasimama. Ndiyo maana majina haya yameweza kuhama kutoka mti mmoja hadi mwingine. Katika Kilifi na sehemu nyingine za pwani ya Kenya, mvinje unaopandwa mashambani umechukua sehemu kubwa ya soko la mikoko, nao huuzwa kwa majina yaleyale ya fito, pau na boriti. Mti umebadilika, majina yamebaki, kwa kuwa majina hayakuwa ya mti.

Boriti baharini

Miti hii haikuishia pwani ya Afrika. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba majengo ya Siraf, bandari iliyokuwa upande wa Uajemi wa Ghuba, yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Biashara hiyo ilidumu miaka 1000. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, akashuhudia mabaharia wakipakia miti ya mikoko katika delta ya Rufiji kwa ajili ya safari ya kurudi kaskazini. Huko Ghuba miti hiyo iliitwa chandal, na ndiyo iliyobeba dari za nyumba za Kuwait, Bahrain, Dubai na Oman.

Kipimo kilisafiri pamoja na mti. Boriti nzuri ya mkoko inaweza kuvuka kwa usalama upana wa chini kidogo ya mita 3. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, ambazo Usam Ghaidan alizichunguza katika kitabu chake cha 1975, ni virefu lakini vyembamba, na vyumba vya nyumba za kale za Ghuba vinashabihiana navyo. Mjenzi hakuamua upana wa chumba kwa kutazama karatasi. Upana uliamuliwa na mti uliokua katika matope ya Rufiji au ya Lamu. Ni nadra kupata mfano ulio wazi zaidi wa miji iliyo mbali sana ikigawana kipimo kimoja bila ya sheria wala mkataba.

Biashara hiyo ilikwisha kwa sababu mbili. Baada ya Kuwait kuanza kusafirisha mafuta mwaka 1946, saruji na chuma vilichukua nafasi ya chandal katika majengo mapya ya Ghuba. Kwa upande wa pili, uharibifu wa misitu ulilazimisha udhibiti, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko nchi za nje. Udhibiti huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa mikoko hulinda fukwe na ni mazalio ya samaki. Lakini kila soko linapofungwa, kuna maneno yanayobaki bila kazi. Korija ni mojawapo: kijana wa leo anayejua kuhesabu kwa dazeni anaweza kumaliza chuo kikuu bila kulisikia.

Sakafu iliyoshuka na kiwanda kilichohama

Maneno ya ujenzi yaliyokopwa yana historia zenye mafunzo. Neno sakafu limetokana na Kiarabu saqf, lenye maana ya paa au dari. Katika Kiswahili sakafu ni ile inayokanyagwa. Inawezekanaje neno la juu likawa neno la chini? Jibu limo katika jengo lenyewe. Katika nyumba ya mawe ya pwani, boriti zilipangwa juu ya kuta, juu yake yakawekwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikamwagwa na kupigwa kwa siku kadhaa hadi ikashikana. Tabaka hilo moja ni paa kwa aliye chini na ni sakafu kwa aliye juu. Neno halikupotoka, lilipanda ngazi pamoja na mwenye nyumba.

Kiwanda nacho kina safari yake. Katika nyumba ya Lamu kiwanda ni ua wa ndani, mahali palipo wazi kwa anga, ambapo shughuli za nyumbani hufanyika. Katika Kiswahili sanifu kiwanda ni jengo la mashine na wafanyakazi. Maana ya mahali pa kazi ndiyo iliyounganisha matumizi hayo mawili, lakini maana ya ua ulio wazi imebaki katika lahaja. Lahaja ya Kiunguja ilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, maneno mengi ya nyumba za kaskazini, kama vile msana, tekani na wikio, yalibaki nje ya mkondo mkuu wa vitabu vya shule.

Boriti kwa upande wake lilipata makao yasiyotarajiwa. Wafasiri wa Biblia walilitumia katika Mathayo sura ya 7, katika mfano wa boriti na kibanzi. Kwa hiyo maelfu ya wasemaji wa bara, ambao hawajawahi kuona dari ya mikoko, wanalijua neno boriti kutoka kanisani. Mhimili umeingia katika siasa, na leo husemwa mihimili mitatu ya dola. Nguzo imekuwa istilahi ya dini katika nguzo tano za Uislamu. Jengo la miti limeipa lugha mifano ya kufikiria mambo yasiyoshikika. Iwapo wasemaji wataisahau boriti inayobeba dari, watabaki na mfano usio na kitu nyuma yake.

Kupaua na kuezeka

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lililoulizwa mwanzo. Kiswahili kinagawa kazi ya kutengeneza paa katika vitenzi viwili. Kupaua ni kuweka kiunzi cha paa. Kuezeka ni kukifunika kiunzi hicho kwa makuti, nyasi, vigae au bati. Hizi ni kazi mbili, huweza kufanywa kwa siku mbalimbali na hata na mafundi mbalimbali, nazo zina malipo mbalimbali.

Kuezeka kina kinyume chake, kuezua. Jozi hii inafuata utaratibu uliozoeleka: kuanika na kuanua, kufunika na kufunua, kubandika na kubandua. Katika vitenzi hivi kiambishi cha kwanza huonyesha kitu kuwekwa mahali au katika hali fulani, na cha pili huonyesha kuondolewa katika hali hiyo. Mofolojia yenyewe inatangaza kwamba kifuniko cha paa ni kitu cha kuja na kuondoka: makuti huchakaa baada ya miaka michache, huezuliwa, na nyumba huezekwa upya. Kiunzi hubaki. Aliyeunda vitenzi hivi alikuwa ameishi chini ya paa la makuti na kuona tofauti kati ya kinachodumu na kinachobadilishwa.

Kwa mtazamo huo, pagola linaelezeka kwa maneno matatu: limepauliwa bila kuezekwa. Ufafanuzi huu ni mfupi na ni sahihi kuliko fasili nyingi za kamusi. Yapo pia majina ya viungo vyake. Kamusi ya Johnson ya 1939 inayo kombamoyo, yaani mti mwembamba ulionyooka utumikao kupaulia, na mtambaapanya, mti unaolazwa juu ya ukuta, ambao panya huufanya njia yake. Upo mwamba, mti mrefu wa mlalo. Ipo panda, yaani penye matawi mawili ya mti, ambapo mwamba hukaa bila kuhitaji msumari. Upo upenu na kipenu, ambavyo kwa maana ya kutokeza nje ya ukuta vinakaribiana kabisa na pergula ya Kilatini.

Kwa nini basi hakikuundwa kitu cha namna hiyo kwa ajili ya kukalia? Sababu haiko katika upungufu wa lugha. Ni hali ya jua na mvua. Karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini. Kiunzi chenye nafasi hakizuii vya kutosha, na mvua ya masika haizuii kabisa. Mtu aliyetaka kivuli cha kukalia alipaua na kuezeka. Aliyetaka mmea utambae alijenga chanja. Nyumba iliyopauliwa bila kuezekwa ilikuwa nyumba ambayo mwenyewe ameishiwa fedha. Kitu kilikuwapo, lakini kikiwa hatua ya kazi, si kikomo chake.

Bati, mbao na kenchi

Karne ya 20 ilileta bati. Bati halihitaji fito nyingi zilizokaribiana kama makuti. Linahitaji mbao zilizopasuliwa na kupimwa, zilizopigiliwa misumari mahali pa kufungwa kwa kamba ya kumbi. Kazi ilibadilika, na maneno yakabadilika. Fundi wa Tanzania leo huzungumza kuhusu kenchi na papi. Kenchi ni kiunzi cha pembetatu kinachobeba paa, na neno lenyewe linafuatiliwa hadi neno la lugha za kaskazini mwa India lenye maana ya mkasi, kwa sababu mbao zake hupishana kama makali ya mkasi. Papi ni mbao nyembamba zinazopigiliwa juu ya kenchi ili kushikilia bati.

Inafaa kukumbukwa kwamba maneno haya hayakutungwa na kamati yoyote. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vimefanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi za sayansi, sheria na utawala. Lakini kenchi liliingia kupitia karakana, mdomo kwa mdomo, baina ya mafundi wa asili mbalimbali waliokuwa na kazi moja ya kumaliza kabla ya mvua. Wanaodai kwamba neno la asili ni lile la Kibantu pekee watapata taabu kulieleza jengo lolote la pwani. Sakafu, dari, sebule na korija yote yalifika kwa bahari. Uhalali wao unatokana na kutumika.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya neno linaloingia pamoja na kazi mpya na neno linaloingia kufuta jina la kazi ya zamani. Kenchi lilitaja muundo ambao hapo awali haukuwapo. Mwenye nyumba anayeacha kusema nguzo, mwamba na ufito na kuviita vyote kwa jina moja la picha aliyoiona, hakuongeza kitu. Amepunguza. Alikuwa na maneno matatu yanayotofautisha uzito, mkao na kazi, amebaki na moja lisilotofautisha lolote.

Kiunzi uani

Ubora wa hoja hii unaweza kupimwa kwa kazi yenyewe. Chukua pagola la mita 3 kwa 4 uani. Fundi huanza kwa kupima pembe kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari ukitimia mita 5 pembe ni ya mraba. Kisha huchimba mashimo manne ya nguzo. Mti huoza zaidi pale unapokutana na uso wa ardhi, penye maji na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana nguzo za mkaratusi hutiwa dawa kwanza, na wengine huzikalisha juu ya zege badala ya kuzifukia. Nguzo husimamishwa kwa timazi, na vichwa vyake husawazishwa kwa pimamaji. Juu ya nguzo mbilimbili hulazwa mwamba. Juu ya miamba miwili hupangwa boriti kwa kukingama, zikitokeza kidogo pande zote mbili kama upenu. Juu ya boriti hupigiliwa mbao nyembamba zenye nafasi, ambazo kwa umbo ni chaga, kama zile za kitanda.

Chaga hizo zikisimamishwa kwa ubavu na kuelekezwa kaskazini na kusini, hutoa kivuli kipana asubuhi na alasiri, jua linapokuwa upande. Saa sita mchana kivuli huwa chembamba, na hapo ndipo mmea hutakiwa: mpasheni au mmung'unye hutambaa na kufanya kazi ambayo makuti yangeifanya. Kwa maana nyingine, katika nchi hizi pagola hukamilika pale linapokuwa chanja.

Maelezo haya yote yametolewa bila kukwama. Hakuna hatua iliyohitaji neno la kubuniwa, na maneno yaliyotumika yana umri tofauti na asili tofauti. Nguzo na kuezeka ni urithi wa Kibantu, zege na pimamaji ni za ujenzi wa kisasa, nazo chaga zimetoka chumba cha kulala. Hivyo ndivyo lugha hai inavyojenga: huchukua mti unaofaa popote ulipo.

Hitimisho

Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema. Methali hii hutumiwa kuwasuta walio na mali wasiyojua kuitumia, nayo inafaa kusemwa mbele ya wanaisimu. Kamusi za Krapf ya 1882, ya Madan ya 1903, ya Sacleux na ya Johnson za 1939, na zile zilizotungwa na wasemaji wenyewe tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ni misitu iliyojaa. Maneno yamo. Lakini neno lililomo katika kamusi pekee ni kama boriti iliyolazwa ghalani: haijaoza, wala haibebi kitu.

Wajuzi wa msamiati huu si wengi, na wengi wao ni watu wazima. Ni mafundi wa Lamu wanaojua jina la kila mti wa dari, wakata mikoko wa Rufiji wanaojua unene kwa kushika, na maseremala wa mijini waliounganisha maneno ya babu zao na kenchi na papi. Mwanafunzi wa isimu anayekwenda kwao na daftari lazima aulize zaidi ya "hiki kinaitwaje?" Aulize pia "hapa unafanya nini?" Swali la kwanza humpa nomino, ambazo huenda zimekwisha kuandikwa. Swali la pili humpa vitenzi, na katika vitenzi ndimo ujuzi wenyewe umewekwa.

Kuhusu jina la kile kiunzi cha uani, wasemaji wataamua, na huenda wakaamua kubaki na pagola, kama walivyobaki na sakafu. Hilo halina ubaya. Kitakachokuwa hasara ni kama watabaki na jina hilo na kusahau mengine yote. Seremala anayesimama uani na kumuuliza mwenye nyumba, "Nipaue tu, nisiezeke?" amekwisha kulitaja pagola kwa Kiswahili kamili. Linalobaki ni mwenye nyumba kumwelewa.